Wapenzi Wanaokimbizwa Mno

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikishika gitaa mbele za watu ni hili: "Sasa unaanza kuimba saa ngapi?" Nimeulizwa kanisani. Nimeulizwa na walimu wenzangu siku tulipomuaga mzee wetu aliyestaafu. Nimeulizwa hata na kijana wa bodaboda aliyenikuta nimekaa nasubiri kivuko cha Kitunda. Akasimama kidogo, akasikiliza, akaona mdomo haufunguki, akawasha pikipiki yake akaondoka zake. Lindi kwetu gitaa ni la kusindikiza. Mbele yupo mwimbaji au kwaya, gitaa liko nyuma linashika kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Ukipiga dakika tano mfululizo bila neno, watu wanajua bado unatyuni.

Siwalaumu. Ila kuna kipande kimoja chenye hadithi ndefu ndani yake na hakina hata neno moja la kuimba, na ndicho ninachohangaika nacho tangu msimu wa korosho ulipoisha. Nina mengi ya kusema juu yake. Nina pia ugomvi na wengi wanaokipiga, nitaufikia.

Kipande kinaitwa El Decamerón Negro. Mtunzi wake ni Leo Brouwer, Mkuba aliyezaliwa Havana mwaka 1939. Alikitunga mwaka 1981 kwa ajili ya Sharon Isbin, mpigaji wa Marekani ambaye baadaye, mwaka 1989, ndiye aliyeanzisha idara ya gitaa pale Juilliard, chuo cha muziki cha New York. Ni cha gitaa moja tu, lile la nyuzi za nailoni, linalopigwa kwa kucha na vidole bila kipande cha plastiki. Kina sehemu tatu. Mimi nyumbani naziita Kinubi cha Shujaa, Kukimbia kwa Wapenzi katika Bonde la Mwangwi, na Tumbuizo la Mwali Aliyependa. Zote kwa pamoja ni robo saa na ushee.

Nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo mniwie radhi nikitanguliza hadithi kabla ya nyuzi.

Palikuwa na shujaa, vitani hana wa kumfikia, na ukoo mzima ulimtegemea. Siku moja akawaambia wakubwa kwamba moyo wake hauko tena kwenye mkuki, uko kwenye kinubi. Anataka kuwa mpigaji. Wakubwa wakaona aibu. Mtu wa heshima zake ashike kazi ya kutumbuiza watu? Wakamfukuza, akaenda kuishi milimani na kinubi chake. Ukoo ukaingia vitani bila yeye, ukapigwa. Ukaingia tena, ukapigwa tena. Wakapanda mlimani kumbembeleza. Akashuka, akapigana, wakashinda. Vita vilipokwisha akakirudia kinubi chake, nao wakamfukuza kwa mara nyingine. Yupo msichana anayempenda. Wakatoroka wawili, wakapitia bonde ambalo kila sauti inamrudia aliyeitoa.

Hivyo ndivyo wapigaji wanavyoisimulia, kwa kifupi. Niliipeleka darasani kidato cha tatu tulipokuwa kwenye ngano na wahusika wake, nikawaambia wamjadili huyu shujaa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, si angepigana mchana, usiku akapiga kinubi chake? Baba yangu mchana yuko baharini, usiku yuko kwenye bendi, na hakuna aliyemfukuza." Darasa likaangua kicheko. Msichana wa mbele akamjibu bila hata kugeuka: "Baba yako akiacha kwenda baharini mtakula nini? Hao walimfukuza kwa sababu alitaka kuacha." Mjadala ukaendelea mpaka kengele ikagonga, na nusu yao walitoka wakiwa upande wa wakubwa wa ukoo. Sikutegemea hilo, na nililipenda. Huko mtandaoni kila anayeisimulia hadithi hii anamfanya shujaa malaika na ukoo shetani. Watoto wa wavuvi na wakulima wa Lindi wanajua mkono mmoja ukikosekana shambani ina maana gani.

Hadithi yenyewe ni ya Afrika Magharibi, lakini ilimfikia Brouwer kwa kuzungukia Berlin. Mjerumani Leo Frobenius alisafiri Kongo na Afrika Magharibi mwanzoni mwa karne ya 20 akikusanya ngano, na mwaka 1910 akachapisha Berlin kitabu alichokiita Der schwarze Dekameron. Jina hilo alilichukua kwa Boccaccio, Mwitaliano wa karne ya 14, ambaye kwenye kitabu chake vijana kumi wanaukimbia ugonjwa wa tauni na kusimuliana hadithi mia moja. Mwaka huohuo wa 1910, kama kilomita 60 kutoka hapa ninapoandika, Wajerumani wengine walikuwa juu ya kilima cha Tendaguru wakichimba mifupa ya dainosaria. Walianza 1909 wakamaliza 1913. Wapagazi wetu waliibeba mifupa ile kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Yule mnyama mkubwa kuliko wote bado amesimama kwenye makumbusho ya huko, urefu wake wa kwenda juu unapita mita 13.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji kule Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani. Nilipolitaja jina hilo darasani hakuna aliyekuwa amelisikia, ilhali wanafunzi wangu wote wanajua kwamba mjusi mkubwa wa Lindi yuko Ujerumani. Nikifundisha fasihi simulizi, jambo la kwanza ninalowafundisha kuuliza ni fanani, yaani msimulizi, ni nani, na hadhira yake ni nani. Kwenye jalada la kitabu kile cha 1910 jina lililopo ni la Frobenius. Aliyekaa jioni akaisimulia hadithi ya shujaa, akapandisha na kushusha sauti, akanyamaza pale panapotakiwa kunyamaza, huyo jalada halimtaji. Na hapo ndipo kipande cha Brouwer kinaponishika. Kwa kuwa hakuna maneno, kazi yote ya fanani inamwangukia mpigaji. Yeye ndiye anayeamua wapi asimame na wapi aharakishe. Hana kitenzi cha kumsaidia.

Brouwer mwenyewe alitoka kwenye nyumba ya muziki. Bibi yake, Ernestina Lecuona, alikuwa mtunzi, na kaka wa bibi huyo, Ernesto Lecuona, jina lake lilivuka mipaka ya Cuba zamani sana. Tungo zake za ujanani zina midundo ya Cuba ile iliyotoka Afrika, halafu kwenye miaka ya 1960 na 1970 akaingia kwenye majaribio makali. Kuna kipande chake cha mwaka 1971, La espiral eterna, nilikiweka kwenye simu siku moja tukiwa tunapika, mama akaniuliza kama spika imekufa. El Decamerón Negro kilikuja baada ya hapo, na kwa wengi ndicho kilichoonyesha kwamba amerudi kwenye wimbo unaoweza kuushika kwa sikio. Hakurudi mikono mitupu. Ukali wa majaribio yale umo humu, umepewa tu kazi ya kufanya. Kwenye miaka ya 1980 jeraha la mkono wa kulia lilimtoa jukwaani kama mpigaji, akabaki na kutunga na kuongoza okestra.

Mimi nilianza na mazoezi yake mepesi. Mtawa mmoja wa misheni alinipa nakala iliyochakaa ya Estudios sencillos, na la kwanza tu linakwambia huyu mtu anawaza nini: wimbo unapigwa na kidole gumba kwenye nyuzi nene, na nyuzi nyembamba ndizo zinazosindikiza. Kwa aliyelelewa na gitaa la kanisani, hapo ni kama nyumba imepinduliwa, sebule imekwenda uani.

Sasa niseme kidogo habari za kucha, maana bila kucha kipande hiki hakipigiki. Mkono wa kulia unahitaji kucha nne: ya kidole gumba, ya shahada, ya kati na ya pete. Ziwe zimetokeza kidogo tu mbele ya nyama, zimepigwa tupa na kulainishwa kwa msasa laini mpaka zisikwaruze uzi. Mkono wa kushoto kucha ziwe fupi kabisa. Fikiria mwalimu wa zamu Jumatatu asubuhi, anapita mstarini anakagua kucha za wasichana, na yeye mwenyewe mkono mmoja una kucha na mwingine hauna. Nimekwisha kusikia minong'ono yote. Na hapa kwetu kuna balaa jingine, kubangua korosho. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na ukibangua kwa mkono kucha zinalainika, zinachanika pembeni. Msimu ukifika, Oktoba hivi, nyumba nzima inakaa uani inabangua za kula nyumbani, mimi napewa kukaanga. Mama anasema nimejitafutia kisingizio cha kisasa. Mama ana haki yake.

Nyuzi nazo ni shughuli. Madukani utapata za chuma kila mahali; za nailoni mpaka uagize Dar, zije na basi. Usije ukadanganyika kuweka za chuma kwenye gitaa la aina hii, zinavuta kwa nguvu kuliko mbao ilivyotengenezwa kustahimili, na daraja, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi, linang'oka. Halafu kuna hewa ya bahari. Nyuzi tatu nene zimezungushiwa waya mwembamba, na chumvi ikiukamata waya huo unakuwa mweusi na sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Mimi nikimaliza kupiga nafuta kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kisha gitaa linalala kwenye mfuko wake na zipu imefungwa. Bado haitoshi, lakini inasaidia.

Turudi kwenye ugomvi.

Sehemu ya kwanza, ya kinubi, wapigaji wengi wanaiweza vizuri. Kuna vipande vifupi vilivyokatwakatwa, vya shujaa, halafu kunatulia na nyuzi zinaachwa zilie zenyewe, na hapo unakisikia kinubi. Matata yanaanza kwenye sehemu ya pili. Brouwer ameigawa vijisehemu na kila kimoja kukipa kichwa chake ndani ya nota: kuna ishara ya jambo baya linalokuja, kuna mbio za kwanza za wapenzi, kuna kumbukumbu, kuna bonde lenyewe la mwangwi, kuna kurejea. Mbio za wapenzi ni za farasi, na hapo kasi inatakiwa. Sibishani na hilo. Ninachobishania ni bonde. Ndani ya bonde kuna vifungu vifupi vya nota za haraka vinavyorudiwa, kwanza kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ndogo, na hapo ndipo vijana wa YouTube wanapoonyesha vidole. Wanateremka kama mvua ya mawe. Sauti inapanda na kushuka sawasawa na alama zilivyoandikwa, na ukifumba macho husikii bonde. Unasikia mtu mmoja anayepiga kwa nguvu, kisha kwa sauti ndogo, kisha kwa nguvu.

Mjomba wangu ni mlinzi wa ghala la chama cha msingi, kijijini, ukishaipita njia panda ya Mnazi Mmoja ukashika barabara ya Mtama. Msimu wa minada ya korosho ghala hilo linajaa magunia ya juti yaliyopangwa kukaribia bati, na ukisema neno ndani yake linafia mdomoni, magunia yanalimeza. Baada ya msimu linabaki tupu: sakafu ya saruji, kuta za tofali, bati juu, vichanja vya mbao vimeegemezwa pembeni, na harufu ya korosho mbichi ambayo haitoki hata kwa deki. Nilikwenda kumsalimia siku moja ya Jumapili nikiwa na gitaa mgongoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja na zeze lako?"

Akanifungulia. Nikakaa juu ya kichanja karibu na mlango, nikapiga kifungu cha kwanza cha bonde, kile cha sauti kubwa, nikasimama. Ukuta wa mwisho ukanijibu.

Sikujibiwa kwa utamu. Bati lina ukali wake, na jibu lilikuja limepungua ung'avu, kama limefunikwa. Lakini lilikuja likiwa limechelewa, na huko kuchelewa ndiko kulikonifanya nikae pale mpaka jua linashuka. Mwalimu wa fizikia wa shuleni kwetu alinifanyia hesabu kesho yake kwenye kona ya ubao. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ghala lina urefu wa mita 30 hivi, kwenda na kurudi ni 60, kwa hiyo jibu linakuja baada ya muda usiofika sehemu ya tano ya sekunde. Sikio linaanza kutenganisha mwangwi na sauti yenyewe pale mwangwi unapochelewa kama sehemu ya kumi ya sekunde. Chini ya hapo vinachanganyika. Kwenye bonde la kweli, lenye ukuta wa mwamba umbali wa mita 170, ungesubiri sekunde nzima.

Sekunde nzima! Jaribu kuhesabu ukiwa na gitaa mkononi, uone ilivyo ndefu.

Pale ghalani nilipiga kifungu kwa kasi ya wale vijana, na ukuta ukanivurugia kila kitu: jibu la nota hii liliangukia juu ya nota ile, ukawa uji mtupu. Nikapunguza. Baada ya sauti kubwa nikaacha upenyo mdogo, mdogo sana, kabla ya kurudia kwa sauti ndogo. Nikasogeza na mkono wa kulia. Sauti kubwa niliipiga karibu na daraja, ambako uzi ni mgumu na unatoa mlio mkali. Marudio nikayapiga mbele ya tundu, juu ya mwanzo wa shingo, ambako mlio ni wa duara na mzito. Kwa sababu mwangwi haupungui ukubwa peke yake. Unapoteza ung'avu wake njiani, unafika umechoka. Wapigaji wengi wanautoa ukubwa na kusahau kuubadilisha mlio, kwa hiyo kinachosikika ni mtu yuleyule amepunguza sauti, hajaenda mbali.

Nilimwekea mjomba video ya kijana mmoja hodari kweli, vidole havionekani kwa kasi. Akaitazama hadi mwisho akiwa ameshika tama. "Hawa mbona washafika Mtama," akasema, "na huyu bado anawakimbiza?"

Kisha akaniambia jambo ambalo sijalikuta kwenye maandishi yoyote ya wataalamu, na ndilo lililobadilisha namna ninavyolipiga bonde. Usiku akiwa zamu na ghala likiwa tupu, anazunguka ndani na tochi. Miguu yake inamrudia kutoka ukuta wa pili. "Mara kwa mara nasimama," alisema. "Natulia kabisa. Nikisimama na yenyewe ikasimama, ni mimi. Ikiendelea hatua moja baada ya mimi kusimama, hapo ndipo pa kuangalia."

Hao wapenzi wanatoroka. Nyuma yao huenda kuna watu wa ukoo. Wanaingia kwenye bonde ambalo kwato za farasi wao zinawarudia. Watajuaje kama wanachokisikia ni farasi wao au ni wa wanaowafuata? Hawana njia ila kusimama na kusikiliza. Ndiyo maana naona bonde haliwezi kuwa mbio tu. Kila kifungu cha sauti ndogo ni swali: huyo ni mimi, au ni mtu? Mpigaji akipita hapo bila kusikiliza, hofu yote inamwagika, linabaki onyesho la ufundi. Ishara ya jambo baya iliyotangulia inakuwa haikuashiria chochote.

Najua nitajibiwa. Kwanza, kwamba ukumbi wa muziki si ghala, na Brouwer ameuandika mwangwi kwenye nota makusudi ili uwepo hata kwenye chumba kisichorudisha sauti. Ni kweli, na hilo liko upande wangu. Chumba kikiwa kikavu, hakuna ukuta wa kukuchelewesha, kwa hiyo kuchelewa kwenyewe inabidi ukuweke wewe mpigaji. Pili, kwamba kupunguza kasi ni dawa ya asiyeweza. Haya, wacha niseme hivi: vifungu vyenyewe navipiga haraka, haraka ya kutosha. Ninachokipanua ni mpaka kati ya kimoja na kingine. Kwenye metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, haionekani hata kidogo, na ndiyo maana metronomu naifunga nikifika hapo. Mtu wa taarabu au wa dansi hahitaji kuelezwa hili, anajua kuna mahali mdundo unasubiriwa na mahali hausubiriwi.

Sehemu ya tatu nitaipita haraka, maana sijamaliza nayo. Kuna kiitikio cha upole kinachorudi mara kadhaa, na katikati yake panaingia michezo ya kuchangamka. Kiitikio hicho ni kizuri kiasi cha kuwa hatari. Wapigaji wanakitia sukari hadi kinanata. Mwali yule amefukuziwa mpenzi, wametoroka, wamepita bonde. Hawezi kuimba kama mtoto wa kwenye tangazo la sabuni. Kikirudi mara ya mwisho nataka kisikike kimezeeka, na bado sijajua vidole vifanye nini ili kizeeke.

Hofu yangu ya sasa ni ya kalenda. Minada ikianza, magunia yanaingia, na ghala langu linageuka godoro. Kwa hiyo kila Jumapili inayowezekana niko barabara ya Mtama, gitaa mgongoni mwa bodaboda, mjomba ananifungulia. Ameshakuwa mkali. Juzi alinisimamisha katikati ya bonde akidai wa pili amejibu kabla ya wa kwanza kunyamaza, na alikuwa sahihi kuhusu kifungu hicho, ingawa siku hiyo kulikuwa na upepo na bati lilikuwa linalia.

Mahafali ya kidato cha nne yakifika nimeomba kupiga sehemu ya pili peke yake. Yule msichana wa dawati la mbele ndiye atakayesimulia hadithi kwanza, kwa hadithi-hadithi-hadithi-njoo kamili, ili wazazi wasikae wakisubiri niimbe. Yule kijana wa nyuma amedai apewe nafasi ya kumtetea mkuu wa ukoo, nikamkubalia, mradi asizidi sentensi tatu. Ratiba imetoka na tumepewa dakika tano. Hadithi ina zake, mtetezi ana zake, na muziki wenyewe haukatiki. Nimemwandikia mkuu wa shule kumwomba dakika kumi, na nikapendekeza kwa heshima zote zitolewe kwenye risala, ambayo mwaka jana ilisomwa mpaka mgeni rasmi akaomba maji. Hajajibu. Ukumbi wetu una bati na kuta tupu, nimeshaupima kwa hatua, ni mfupi kidogo kuliko ghala, na wazazi wakijaa watakuwa ndio magunia. Itabidi nisogeze mkono zaidi upande wa shingo.